Kuchomoa jina la kikundi kwenye memberOf kwa rejeksi (regex, ruwaza ya kutafuta maandishi)

Active Directory, saraka ya Microsoft ya watumiaji na vikundi, haitoi jina la kikundi peke yake kwenye `memberOf`, sifa inayoorodhesha vikundi vya mtumiaji. Inatoa anwani nzima, ambamo CN ni jina na OU ni kitengo kinachokibeba kikundi: `CN=Walimu,OU=Vikundi,DC=mfano,DC=ac,DC=tz`. Mfumo wa masomo niliouunganisha na SimpleSAMLphp, programu ya PHP ya kuingia mara moja kwenye mifumo mingi, ulitaka neno moja tu, `Walimu`. Kazi hiyo niliipa kichujio hiki, kwenye `authproc` (orodha ya vichujio vinavyochakata sifa za mtumiaji akishaingia) upande wa mtoa utambulisho (seva inayomthibitisha mtumiaji):

```
50 => [
  'class' => 'core:AttributeAlter',
  'subject' => 'memberOf',
  'pattern' => '/^CN=([^,]+),OU=Vikundi,.*$/i',
  'replacement' => '$1',
  'target' => 'vikundi',
],
```

Mwanzoni nilikuwa nimeandika `/CN=(.+),/`. Hiyo `.+` ni mlafi, humeza mpaka koma ya mwisho. Na kwa kuwa kichujio hubadilisha kipande kilicholingana tu, mkia ukabaki umegandana na mengine: `Walimu,OU=Vikundi,DC=mfano,DC=acDC=tz`. Ndiyo maana nikatumia `[^,]+`, inayokoma kwenye koma ya kwanza, kisha nikafunga ncha zote mbili kwa `^` na `$`.

Kuweka `target` tofauti na `subject` kuna faida: thamani ambayo haikubadilika haiingii kabisa kwenye `vikundi`, kwa hiyo vikundi vya OU nyingine vinajichuja vyenyewe. Ila ukimya huohuo huficha makosa. Kikundi chenye koma ndani ya jina, `CN=Fedha\, Mipango`, kilitoweka bila onyo lolote. Dawa yake ni kuandika sehemu ya kukamata hivi: `((?:\\\\.|[^,\\\\])+)`. Mikwaju ya nyuma (`\`) ni minne kwa sababu PHP hula miwili kabla rejeksi haijaiona. Kisha kichujio namba 51, juu ya `vikundi`, hugeuza `/\\\\,/` kuwa `,`.

Tumia nukuu moja (`'`) daima. Ndani ya nukuu mbili, `"\1"` (namna nyingine ya kuandika `$1`, yaani kipande kilichokamatwa) hugeuka herufi isiyoonekana.

Vichujio hufuata namba, ndogo kwanza. `core:AttributeLimit`, inayobakiza sifa zilizoruhusiwa tu, niliipa 60, la sivyo ingeitupa `memberOf` kabla haijasomwa. Namba moja ukiiandika mara mbili kwenye orodha ileile, PHP hubaki na ya mwisho, kimyakimya.

Rejeksi zenyewe nazijaribu kwa faili dogo la PHP lenye `preg_replace` na thamani halisi tano au sita. Domain Users, kikundi cha watumiaji wote wa domeni, usihangaike kuitafuta: ikiwa ndiyo kikundi cha msingi cha mtumiaji, haimo kwenye `memberOf`.