Nilivyozipata ripoti za kliniki ya mama na mtoto za Tottenham ya zamani

Mimi ni mkunga. Nilizalisha Tanga miaka mingi kabla ya kuhamia Tottenham, kaskazini mwa London. Katika kikundi chetu cha akina mama wa Kiswahili kuna hofu isiyokwisha: yule muuguzi anayekuja nyumbani ukishajifungua. Wengine hawamfungulii mlango. Wanaamini anatumwa kwa wahamiaji tu, ili tunyang'anywe watoto. Nilishasema mpaka nikachoka, ndipo nikaamua kutafuta maandishi ya zamani yanayoonyesha muuguzi huyu alikuwa akienda kwa nani.

Maktaba moja waliniambia nitafute kwa jina la Haringey, halmashauri ya Tottenham ya leo. Ushauri ule ulinipotezea siku nne nzima, kila nikitoka zamu ya usiku. Kila nilichofungua kilianza 1965. Mpwa wangu akasema, "Shangazi, jaribu Baraza la Kaunti ya London." Nikajaribu, huko nako Tottenham haimo! Nilikuwa nimeshalipa nauli na fotokopi kama pauni ishirini hivi, za bure kabisa.

Ufumbuzi niliupata kituo cha basi. Nimesimama nimeinamisha kichwa, mvua inanyesha, nikaona mfuniko wa chuma barabarani una herufi TUDC. Nikajiuliza D ni ya nini. Ni *District*: Tottenham Urban District Council! Kumbe mpaka 1934 Tottenham ilikuwa halmashauri ya mji, tena ndani ya kaunti ya Middlesex, si London. Mwaka huo ikapanda kuwa manispaa, na 1965 ikaunganishwa na Hornsey na Wood Green ikawa Haringey. Kwa hiyo ukitafuta mambo ya zamani, tumia jina la wakati ule. Nilipoandika Tottenham Urban District, ripoti za mganga mkuu wa halmashauri, yule daktari aliyesimamia afya ya mji, zikajipanga mwaka kwa mwaka. Maktaba ya Wellcome imeziweka kwenye intaneti bure, za London na viunga vyake, zaidi ya 5,500.

Soma picha ya ukurasa wenyewe, usitegemee maandishi yaliyonakiliwa na kompyuta, maana majedwali huvurugika. Mimi niliweka rula kwenye kioo nikashuka nayo mstari kwa mstari.

Jedwali lililonishika ni la ugonjwa wa macho ya watoto wachanga. Safu zake: waliougua, waliotibiwa nyumbani, waliotibiwa hospitali, walioona vizuri, walioathirika macho, waliopofuka. Kila mtoto kafuatwa mpaka mwisho wa mstari. Nilikumbuka ile dawa ya macho tuliyokuwa tukiwapaka watoto Tanga, mkono wangu ukatulia juu ya rula.

Na jambo nililokuwa nikilitafuta nililiona: kila mtoto aliyezaliwa ilibidi ataarifiwe kwa mganga wa halmashauri ndani ya saa 36. Sheria ni ya 1907, ikawa ya lazima nchi nzima 1915. Taarifa ikifika, muuguzi anakwenda nyumbani. Sheria nyingine, ya 1918, ndiyo iliyozipa halmashauri nguvu ya kufungua vituo vya kupima uzito, kliniki za wajawazito, hata maziwa ya unga kwa wasio na uwezo. Mambo ya kusimamia wakunga usiyatafute humo, yalikuwa ya kaunti.

Katika Uingereza na Wales, 1920 walikufa watoto wachanga 80 kwa kila 1000 waliozaliwa hai; 1930 wakawa 60. Sisemi ni kazi ya wauguzi peke yao, nyumba na chakula navyo vilichangia. Akina mama hawakupata nafuu hiyo: mpaka katikati ya miaka ya 1930 walikufa kama wanne kwa kila vizazi 1000, wengi kwa homa ya uzazi, mpaka dawa za salfa, za kupambana na vijidudu, zilipokuja. Hilo linaniuma mpaka leo. Kupima mtoto hakumwokoi mama anayetokwa damu.

Jumamosi nilipeleka kurasa zile kikundini. Nikawasomea majina ya mitaa tunayokaa. Dada mmoja mwenye mtoto wa wiki mbili akauliza, "Kwa hiyo walikwenda hata kwa wazungu?" Nikamwonyesha mwaka wa ripoti, zamani kabla yetu sisi. Akaniomba nije kwake Jumanne, muuguzi akija nikae naye. Nilikwenda, na mlango aliufungua mwenyewe.