Chipu mbili, waya mmoja wa intarapti: pampu iliyonikesha wiki tatu

Kwa wiki tatu mlinzi wa hosteli moja Morogoro alinipigia simu usiku: "Fundi, maji yanamwagika tena." Tangi limejaa, boya limeelea, pampu inasukuma, na kidhibiti nilichokitengeneza mwenyewe kimekuwa kiziwi. Ukikizima na kukiwasha kinasikia siku mbili tatu, kisha yale yale. Sasa nimelimaliza. Naandika kwa sababu ushauri niliopewa ulinipotezea muda kuliko kosa lenyewe.

Bodi ya kidhibiti ni STM32F103, kompyuta ndogo ya chipu moja, inayoendesha FreeRTOS, programu inayogawa muda kati ya kazi ndogo ziitwazo taski. Maboya yanaingia kwenye MCP23017, chipu ya kuongeza pini, na DS3231, chipu ya saa, inatoa alamu kila dakika ili niandike kumbukumbu. Pini ziliniishia, nikafunga intarapti (ishara ya kuiita bodi iache inachofanya) za chipu zote mbili kwenye waya mmoja. Hapo sikukosea. DS3231 huuvuta waya chini tu, haiusukumi juu, na MCP23017 unaweza kuipanga ifanye hivyo hivyo. Rezista ya omu 4,700 upande wa bodi inaurudisha kwenye volti 3.3.

Mshauri wa kwanza alisema niipe intarapti kipaumbele 0 "ili iwahi". Kwenye Cortex-M3, kiini cha STM32F103, namba ndogo ndiyo yenye nguvu, ni kweli. Lakini FreeRTOS imeweka mpaka, configMAX_SYSCALL_INTERRUPT_PRIORITY, na intarapti yenye nguvu kupita mpaka huo hairuhusiwi kuita huduma ya FreeRTOS hata moja. Bodi ikaganda kwenye configASSERT, ukaguzi unaosimamisha programu ikikosea, boya lilipotikisika mara ya kwanza. Wa pili akasema niweke watchdog, kipima muda ambacho programu lazima ikilishe mara kwa mara, bodi ikikwama ijiwashe yenyewe. Bodi gani iliyokwama? Taa ilikuwa inawakawaka na taski nyingine zote ziko hai! Watchdog ingelishwa kwa raha huku maji yakimwagika.

Usiku mmoja nilimwambia mlinzi: "Mzee wangu, zima swichi ya pampu peke yake, kidhibiti usikiguse, nakuja." Nilifika saa tano na mita ya volti mkononi. Waya wa intarapti ulisoma 0. Nikangoja dakika nzima, bado 0. Kuna chipu ilikuwa imeushikilia inaita, na hakuna anayeitika. Nikauchomoa waya kwenye bodi. Rezista ikaipandisha pini. Nikauchomeka tena. Rilei ikalia tak! Kidhibiti kikasoma tangi limejaa na kukata pampu, kana kwamba hakijawahi kuugua. Nilirudia jaribio hilo usiku mwingine kwa furaha tu, maana ndani yake jibu lote lilikuwemo.

EXTI ya STM32F103, sehemu inayopokea intarapti za pini, hutambua badiliko la volti, haitambui hali. Waya ukishuka inaita mara moja. Ukibaki chini inanyamaza. Fikiria kengele ya mlango ambayo mgeni wa kwanza bado ameibonyeza: wa pili akiweka kidole chake hailii upya. Taski yangu ilikuwa inakagua maboya kwanza, inakuta hakuna kitu, kisha inakwenda kwenye saa kusoma na kufuta alamu. Kwa I2C (njia ya mawasiliano kati ya bodi na chipu) ya kilohezi 100 shughuli hiyo inachukua zaidi ya nusu milisekunde. Boya likitikisika ndani ya dirisha hilo, MCP23017 inaukamata waya kabla DS3231 haijauachia. Waya haupandi, kwa hiyo hauwezi kushuka tena. Imekwisha. Kwenye PCI, nafasi za kuchomekea kadi kwenye kompyuta kubwa, waya za kuchangia hazina ugonjwa huu, kwa sababu pale inaangaliwa hali: waya ukiwa bado chini, draiva (programu za kadi hizo) zinaitwa tena.

Sikutaka kungoja siku mbili kila ninapojaribu. Nilipanga alamu ya DS3231 iwe ya kila sekunde, na bodi ya pili nikaifanya boya bandia linalotikisika mfululizo. Uziwi ukaja ndani ya dakika chache, mezani, mchana kweupe. Bodi hiyo ya pili ni ya bei ya chakula cha mchana, msiionee uchungu.

Marekebisho ni mistari michache. Programu ya intarapti inafuta kwanza alama ya kwamba imeitwa, inaiamsha taski, inatoka; habari za I2C haigusi. Taski inahudumia chipu zote mbili, kisha inasoma pini yenyewe. Ikiwa bado chini, inazunguka tena mpaka ipande. Nimeiwekea kikomo cha mizunguko 8, kwa sababu chipu iliyoungua inaweza kuushikilia waya milele na kula muda wa wengine wote. Tena haingoji kuamshwa bila mwisho: kila nusu sekunde inaamka na kuitazama pini.

Na mnaotumia pini 5 hadi 9 za STM32F103, kumbukeni zote zina intarapti moja. Msiandike EXTI->PR |= biti. Rejista ile, yenye alama za intarapti zilizoita, hufutwa kwa kuandika 1, kwa hiyo |= inasoma alama za majirani na kuzifuta pamoja na yako. Mita yangu ya maji, iliyo pini ya 8, ilikuwa inapoteza hesabu hivyo. Andikeni = peke yake.

Niliweka pia kaunta inayoongezeka kila taski inapozunguka tena na kukuta kazi. Nilipokwenda hosteli baada ya mwezi ilisoma 11, yaani mara 11 kosa la zamani lingeweza kurudi. Mlinzi hakuwa amenipigia hata mara moja.