Usukani Usiorudi

Binti yangu anajifunza kuendesha gari. Jana tulikuwa tukitoka Bamburi, mimi kwenye usukani, yeye kando yangu akinitazama kila ninachofanya, akaniuliza: "Baba, mbona kila ukishakata kona unalegeza mikono halafu unangoja?" Nikamjibu kuwa natazama kama usukani unarudi wenyewe. "Na usiporudi?" Hapo nikashindwa kumjibu kwa neno moja, kwa sababu jibu lake ni pikapu ya marehemu mjomba.

Ile Land Cruiser nyeupe, toleo la 75, yenye injini ya 1HZ, dizeli ya lita 4.2, springi za majani mbele na nyuma. Ilikuwa mwaka wa 2004, na kazi yetu ilikuwa ile ile: saruji, mabati na matangi ya maji kwenda Kinango, mbuzi wakati wa kurudi. Kutoka Mariakani kuingia ndani, njia ilikuwa mawe na makorongo, na tumbo la gari lilikuwa likikwangura kila safari. Mjomba akaipeleka gereji moja kisiwani Mombasa ikainuliwa. Wakamtilia springi zenye upinde mkubwa, shekeli (vile vyuma vinavyoshika ncha ya springi kwenye chasi) ndefu kuliko za kiwandani, na matairi mapana. Ilipendeza kweli. Vijana wa Majengo walikuwa wakisimama kuitazama ikipita.

Lakini aliyekuwa akiiendesha ni mimi.

Haikuwa ikitetemeka, wala haikuwa ikivuta upande mmoja. Ilikuwa ikitangatanga. Unaishika iende sawa, inaenda kushoto taratibu. Unairudisha, inapitiliza kulia. Kule Miritini, mahali malori yalipokuwa yameikandamiza lami ikafanya mitaro miwili, gurudumu likiingia mtaroni linaufuata, halafu ghafla linaruka nje, na pembeni yako kuna trela lenye kontena. Nyali ndiko kulikokuwa kubaya zaidi. Msimu wa kusi, upepo wa bahari unalipiga gari ubavuni ukiwa juu ya daraja, na ile pikapu ilivyokuwa imepanda juu ilikuwa ikisukumwa njia nzima isijirudishe hata kidogo. Nikifika Kongowea mabega yananiuma kama niliyebeba magunia.

Mjomba aliniambia: "Ni mikono yako, mwanangu. Wakamata usukani kama mtu aogopaye." Yeye mwenyewe alikuwa akiiendesha mjini tu, Tononoka hadi sokoni, kwa mwendo wa foleni, na kwa mwendo huo gari lolote ni zuri. Maneno yale yaliniingia. Sikuwa na la kumjibu mtu aliyenifundisha kazi.

Ya katikati nitayapitisha haraka, maana ni hadithi ya pesa. Alaimenti. Tairodi endi mpya, vile viungo vya fimbo za usukani, zote. Beringi za magurudumu. Shoki ya steringi. Alaimenti tena. Kila fundi alipata kitu cha kubadilisha, na kusema kweli vingine vilikuwa vimekwisha, lakini gari lilitoka kila gereji likitangatanga vile vile. Wa mwisho alichukua spana na bisibisi akakaza ile skurubu iliyo juu ya boksi ya steringi, akasema anaondoa ulegevu. Usukani ukawa mzito, na kutangatanga kukazidi.

Ndipo dereva mmoja wa malori akanielekeza kwa mzee wa springi, Magongo.

Yule mzee hakufungua kitu. Nilimwamkia, akaitikia, akatandika gunia chini ya bampa akalala chali. "Washa injini, mwanangu. Zungusha usukani kidogo tu, kulia, kushoto, usipumzike." Nikazungusha. Baada ya muda akaniita: "Sasa shuka, uje ulale hapa wewe." Akampandisha kijana wake kwenye usukani. Akaushika mkono wangu, akauweka kwenye kiungo cha tairodi, nusu ya kiganja kwenye fimbo, nusu kwenye mkono wa gurudumu. "Kama kuna ulegevu utausikia kiganjani kabla hujauona kwa macho. Wasikia?" Sikusikia kitu. Fimbo na mkono vilikwenda pamoja. Akanihamishia kiungo cha pili, cha tatu. Vyote kimya. "Hivi vizima. Ushavinunua, sivyo?" Akapiga jeki, akalishika gurudumu juu na chini akalitikisa kwa nguvu zake zote. King pini, zile pini ambazo gurudumu hugeukia likikata kona, hazikucheza.

"Haya, twende uwanjani."

Palikuwa na uwanja wa vumbi nyuma ya gereji. Akaniambia niendeshe polepole, nikate kona kubwa, kisha niachie mikono. Nikaachia. Usukani ukabaki pale pale nilipouacha, na gari likaendelea kuzunguka uwanja kama lililofungwa kamba kwenye mti. Mzee alikuwa amekaa pembeni yangu, mikono magotini. Akasema, "Umeona? Yaenda popote itakapoelekezwa, na upepo, na shimo, na wewe. Haina kwao."

Tuliporudi alimtuma mjukuu wake nyumbani: "Niletee ile ya hesabu." Mtoto akaja na protrakta ya plastiki, ya seti ya shule, imechubuka, jina la mtoto limeandikwa kwa kalamu ya wino ukingoni. Mzee akapitisha uzi wa mshipi kwenye kitundu cha katikati, akaning'iniza nati ndogo. Kwanza aliweka pima maji ya waashi kwenye sakafu ya saruji, mbele, nyuma, kulia, kushoto, akasogeza gari mpaka magurudumu yote yakawa mahali palipo sawa. Kisha akaingia chini, akafuta kifuniko cha chini cha king pini kwa kitambaa chenye petroli mpaka chuma kikang'aa, akaubandika pale ukingo ulionyooka wa protrakta. Nati ikaning'inia, ikapepea, mbele, nyuma. Akaigusa kwa ncha ya kidole, akaiacha. Hakuna aliyesema. Uzi ulipotulia ulikuwa umeivuka tisini kwa digrii moja hivi. Akahamia upande wa pili: vile vile.

"King pini yatakiwa ilale nyuma," akasema. "Hii yaangalia mbele."

Akanieleza kwa baiskeli. Uma wa mbele wa baiskeli umelala nyuma kwa juu, na mstari wake ukiurefusha utagusa ardhi mbele ya mahali gurudumu linapokanyaga. Kwa hiyo gurudumu huwa linakokotwa nyuma ya mstari ule, na kitu kinachokokotwa hujinyoosha. Ndiyo maana kijana anaweza kuachia mikono akaendelea kwenda sawa. Ukiisimamisha king pini wima, gurudumu halina tena cha kulinyoosha. Na kwenye Cruiser ile shekeli za mbele ziko ncha ya mbele ya springi, kwa hiyo walipozirefusha waliishusha ncha ile, na kiti cha ekseli kikainama mbele pamoja na king pini zake. Zile alaimenti nilizolipia zilipima kama magurudumu yanatazamana sawa, na yalikuwa yakitazamana sawa. Mlalo wa king pini haukupimwa na yeyote.

Dawa ilikuwa kabari mbili za chuma, za digrii nne, kati ya springi na ekseli. Pale ekseli imekaa juu ya springi, kwa hiyo upande mnene wa kabari unakaa mbele. Kwenye gari ambalo springi ziko juu ya ekseli ni kinyume, na ukikosea hapo unazidisha ugonjwa. Alizikataa za aluminiamu, akasema zinapondeka. Akadai yu-bolti mpya, zile zinazofunga ekseli kwenye springi, na senta bolti ndefu zaidi, ile ya katikati ya springi, ili ipenye kabari na kukaa kwenye tundu lake. Akanionya pia kuwa ekseli ikizungushwa hivyo pua ya difu ya mbele inashuka, na propela, ile shafti inayopeleka nguvu kwenye difu, inapinda zaidi, kwa hiyo nikiendesha kwa nguvu ya magurudumu manne nisikilize mtetemo. Na kabla ya kufunga kazi alilegeza ile skurubu ya boksi ya steringi, kwa sababu ikikazwa kupita kiasi nayo huuzuia usukani kurudi. Protrakta sasa ilisoma tatu, upande unaotakiwa.

"Mwambie mjomba wako, lililo bora ni kurudisha shekeli za zamani, ishuke kidogo." Nilimwambia. Akajibu kuwa amelipa ipande, haishuki.

Jioni ile niliipeleka Nyali. Kusi ilikuwa ikivuma kweli, bendera za mabasi zimenyooka. Nilifika juu ya daraja, upepo ukaipiga, gari likasogea kidogo, nikakaza mikono kwa mazoea. Halafu nikailegeza. Usukani ukarudi wenyewe, taratibu, ukasimama katikati. Nilivuka hadi Kongowea nikageuza nikarudi kisiwani, bila shughuli yoyote kule, nikilegeza na kungoja, nikilegeza na kungoja.

Mjomba aliiendesha hadi Mariakani wiki ile, akashuka, akanipiga begani: "Sasa waendesha vizuri." Nikasema asante, mjomba. Nilitaka sana ajue kuwa mikono ilikuwa ile ile, na mara nyingi nimefikiri ningemweleza. Alikuwa amefurahi, nikamwacha na furaha yake. Sina hakika kama nilifanya vyema.

Binamu yangu, naye fundi, hushikilia kuwa kilichotuponya ni ile skurubu, kabari ni mapambo. Kazi zote mbili zilifanyika siku moja, kwa hiyo hatutaamua kamwe. Mimi nasimama na kabari: gari lilitangatanga kabla skurubu haijaguswa na mtu.

Tulipoiuza, ilikwenda Voi. Nilimlaza mnunuzi chini ya bampa nikamwonyesha zile kabari moja moja, nikamwambia siku akirudisha shekeli fupi azitoe, la sivyo mlalo utazidi na usukani utakuwa mzito. Kisha nikamwandikia nyuma ya risiti: chuma tu, upande mnene mbele, na yu-bolti zikazwe tena baada ya safari ya kwanza.