Taa ya upande mmoja

Faili lipo mezani tangu jioni na sina tena cha kuongeza humo. Leo nimelipanga mara tatu: kwanza kwa tarehe, kisha kwa aina ya hati, kisha nikalirudisha lilivyokuwa. Keshokutwa asubuhi nitasimama mbele ya dirisha la ubalozi wa Marekani, niambiwe ninyanyue mkono wa kulia, niape kwamba yote niliyoyajaza ni kweli. Ni kweli. Si hilo linaloninyima usingizi.

Mume wangu amelala. Yeye ndiye Mmarekani, mimi ndiye ninayehitaji viza, na sote wawili tunaishi katika nchi isiyo yake wala yangu. Nilidhani hiyo ndiyo turufu yetu. Wengi ninaowafahamu waliopita njia hii walikuwa mbalimbali, mmoja kule na mwingine huku, wakihesabu miezi. Sisi tunaamka chumba kimoja. Nani atatutilia shaka?

Kumbe kuna maswali mawili, na jibu zuri la lile la kwanza linaharibu jibu la pili. La kwanza: hii ndoa ni ya kweli? Hapo tuna mkataba wa pango wenye majina yote mawili, bili za umeme, akaunti ya benki ya pamoja. La pili: huyu Mmarekani makao yake yako Marekani? Maana anayesaini fomu I-864, hati ya udhamini ya kuahidi kumtunza mhamiaji kifedha, sharti makao yake yawe huko, au aonyeshe kwamba anarudi kuyaweka tena huko, kabla ya siku mwenzake anapoingia au siku hiyohiyo. Basi karatasi zilezile tulizozituma kwa fahari kuonyesha kwamba tunakaa pamoja ndizo zilizokuwa zinatoa ushahidi kwamba yeye hakai kwao.

Usiku tulipoling'amua hilo tulicheka sana. Halafu tukaacha kucheka.

Tulianza na I-130, ombi la kumleta mke, ambalo yeye ndiye analiwasilisha, si mimi. Rafiki mmoja alitushauri tuipeleke hapahapa, kama yeye alivyofanya zamani, amalize kazi kwa miezi michache. Ushauri wake ulikuwa umepitwa. Idara ya uhamiaji ya Marekani ilitangaza mwaka 2019 kwamba inafunga ofisi zake nyingi za nje, na tangu 2020 wanaoishi ughaibuni hutuma ombi kwa mtandao au kwa posta kwenda Marekani. Ubalozi hulipokea kwa dharura maalumu tu. Kuishi mbali na kwenu si dharura. Tukajaza, tukalipa, tukangoja kama wengine.

Pamoja nayo nilijaza I-130A, inayotaka anwani zangu zote na kazi zangu zote za miaka 5. Mimi ni mtu wa kuhamahama. Nilikaa na kalenda za zamani na barua pepe za wenye nyumba nikitafuta mwezi niliohama chumba kimoja kwenda kingine mtaa uleule. Jambo la ajabu ni kwamba kwa mume au mke aliye nje ya Marekani lazima fomu hiyo ijazwe, lakini si lazima aitie saini. Niliitia hata hivyo. Nilijiona sina haki ya kutosema lolote katika shauri linalonihusu.

Ushahidi wa ndoa ulinisumbua kwa namna nisiyoitarajia. Wanandoa waliotengana wana mali: ujumbe kwa maelfu, tiketi za ndege, picha za kukumbatiana uwanja wa ndege. Sisi tunaokaa pamoja hatuandikiani. Nilifungua simu nitafute mazungumzo yetu ya mapenzi nikakuta: "Funguo umeweka wapi?" "Maji yamerudi?" "Usisahau kesho ni zamu yako." Miezi na miezi ya hivyo. Picha nazo, mmoja wetu huwa hayumo kwa sababu ndiye aliyeshika simu. Mwishowe nilichapisha kurasa 4 za funguo na maji. Kama ningekuwa mimi afisa, hizo ndizo ningeziamini kuliko maua.

Ombi lilipokubaliwa faili likahamia kituo cha taifa cha viza, kilichopo Portsmouth, New Hampshire. Kutoka hapo ni fomu nyingine, DS-260, ombi la viza lenyewe, ya kujaza mtandaoni. Nilimpigia mama simu kumuuliza tarehe yake ya kuzaliwa. Akataka kujua Wamarekani wanaitakia nini. Nikasema sijui, mama, wanauliza tu. Akanipa, kisha akanipigia tena baada ya nusu saa kunisahihishia mwezi.

Hati za polisi zilinichukua muda kuliko fomu zote. Kwetu nilikozaliwa, hapa tunapoishi, na nchi niliyosomea mwaka mmoja na nusu, kwa kuwa popote ulipokaa miezi 12 au zaidi ukiwa umetimiza miaka 16 wanataka barua ya tabia njema. Ile ya nchi niliyosomea ilihitaji alama za vidole za wino, kwenye karatasi, kwa posta. Vidole vyangu havikutoka sawa mara mbili. Picha za pasi nazo haziruhusu miwani, tangu 2016, na mimi bila miwani nafanana na kaka yangu akiwa na hasira. Uchunguzi wa afya haukuwa na kisa: eksirei ya kifua, damu, sindano za chanjo kwenye mikono yote miwili, nikarudi nyumbani.

Nataka kusema juu ya udhamini, maana huko ndiko tulikoumbuka.

Miaka yote nilidhani mimi ndiye nitakayepekuliwa. Nilijiandaa kupekuliwa. Kumbe aliyepekuliwa zaidi ni yeye. Mdhamini anatakiwa awe na kipato kisichopungua asilimia 125 ya kiwango cha umaskini kinachowekwa na serikali yao kulingana na ukubwa wa kaya, na aambatanishe taarifa yake ya kodi ya mwaka wa karibuni. Mume wangu hakuwa amewasilisha kodi miaka 3. Si kwa ukorofi. Aliamini kwamba anayelipwa nje, mshahara mdogo, hana la kuripoti. Sheria yao inamtaka raia aripoti kipato chake cha dunia nzima popote anapoishi. Ni nchi chache mno zinazofuatilia raia wake hivyo. Eritrea ni nyingine. Alikaa wikiendi mbili mfululizo akijaza ya nyuma, na mwisho wa hesabu hakudaiwa chochote, kwa sababu kuna msamaha wa kipato kilichopatikana ughaibuni. Lakini msamaha huo hauji wenyewe. Lazima uuombe kwa fomu ileile uliyokwepa kuijaza.

Nilimwona amekunja uso mbele ya kompyuta saa sita usiku nikahisi, nitakiri, ahueni kidogo. Kwa mara ya kwanza katika safari hii tulikuwa wawili mbele ya mwalimu.

Hata alipomaliza, kipato chake cha hapa hakikufaa, kwa kuwa akihama kazi inaisha. Wanahesabu kipato kitakachoendelea kutoka chanzo kilekile. Ikabidi apatikane mdhamini wa pamoja. Wifi yangu, dada yake mkubwa, akajitolea. Tumeonana kwenye skrini tu, mimi na wifi. Kabla hajasaini nilimwomba mume wangu amsomee masharti yote, asije akasema hakuambiwa: ahadi ile haiishi mpaka niwe raia, au nihesabiwe robo 40 za mwaka za kazi, ambazo ni kama miaka 10, au niondoke nchini moja kwa moja na kuacha ukaazi, au mmoja wetu, mimi au yeye, afe. Talaka haiivunji. Yaani ndoa inaweza kufa na wifi akabaki mdhamini wangu. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama kalamu ya bluu inafaa.

Tangu hapo nimekuwa nikimfikiria mtu huyo kila siku. Nina deni kwa mtu nisiyejua harufu ya nyumba yake.

Lakini mdhamini wa pamoja hamwondolei mume wangu wajibu. Naye lazima asaini yake, na lazima makao yake yathibitike. Ujumbe ukaja ukitaka vielelezo zaidi. Haki yao, tulikuwa tumepeleka barua moja ya kujieleza, ndefu, yenye hisia nyingi na karatasi chache. Ndipo ikaanza kazi ya kumjenga mtu kwao wakati mwenyewe yuko jikoni hapa anaosha vyombo. Akafungua akaunti ya benki huko. Akahamisha akiba. Akatafuta rekodi ya kura alizopiga kwa posta. Akaandikia waajiri, akachapisha majibu yao, hata yale ya kumkatalia, kwa sababu barua ya kukataliwa kazi nayo ni ushahidi kwamba uliitafuta. Sijawahi kumwona mtu akizihifadhi kwa uangalifu namna ile barua za kukataliwa.

Sikuwa na msaada wowote katika hilo. Niliketi pembeni nikiwaza jambo ambalo sijamwambia: kwamba kila karatasi anayoiongeza kuonyesha yuko kule inamwondoa hapa. Nyumba hii tumeijaza wenyewe, rafu zake tumezipigilia kwa mikono yetu, na sasa tunakusanya ushahidi kwamba ilikuwa ya kupita tu. Labda ilikuwa hivyo kwake. Kwangu haikuwa. Nadhani ndicho kinachoniamsha usiku, si afisa wala kiapo.

Kuna na hesabu nyingine tunayobishania. Ndoa yetu inatimiza miaka 2 baada ya wiki 9. Nikiingia kabla ya siku hiyo, napewa ukaazi wa masharti wa miaka 2, na katika siku 90 za mwisho wake tunatakiwa kuomba masharti yaondolewe, kwa fomu I-751, na ushahidi wote huu upya. Nikiingia baada ya siku hiyo, napata kadi ya miaka 10. Kinachoangaliwa ni umri wa ndoa siku ya kuingia, na viza kwa kawaida huishi hadi miezi 6, kwa hiyo muda wa kungoja upo. Yeye anataka twende mara tu pasipoti ikirudi. Mimi nataka wiki 9. Nimempa sababu ya kadi, na ni sababu nzuri, hana la kuipinga. Sikumpa ile nyingine.

Kati ya karatasi zote, moja naipenda. Ni barua ya mama mkwe. Tuliambiwa barua ya ndugu atakayetupokea ingesaidia suala la makao, basi mume wangu akamwandikia mistari ya kunakili: jina, anwani, kwamba mwanawe na mkewe watakaa kwake mpaka wapate nyumba. Mama akaiandika yote kwa mkono, vizuri kabisa, akatia tarehe na saini.

Sasa, kila niliyemwambia kwamba naenda kuhojiwa ameniuliza kama nimejiandaa kwa lile swali la kitanda. Mwenzio analala upande gani? Kila mtu ana binamu au jirani aliyewahi kuulizwa. Tumelifanyia mzaha wiki nzima. Jana mume wangu kaniuliza ghafla nikiwa napiga mswaki, nikababaika, nikamtaja upande usio wake.

Mama mkwe hajui mzaha huo. Lakini nyuma ya barua yake, ambako hapakutakiwa kuandikwa kitu, ameongeza mistari kwa penseli. Anasema chumba cha nyuma kiko tayari, ametoa vitabu vya shule vya mwanawe na kuviweka dari. Ila taa ya kusomea ni moja, nayo imefungwa ukutani upande wa dirisha, na amesikia kwamba mimi ndiye msomaji. Anaomba nimwambie nalala upande gani, ili kama si huo amwite fundi aihamishe kabla sijafika.

Barua imekaa kwenye faili wiki 3. Nakala niliyoipeleka ni ya mbele tu. Bado sijamjibu.