Siku moja maishani mwangu: seva ya faili ilipozimika mara mbili kabla ya chai ya saa nne

Saa moja na nusu asubuhi. Mimi ni mtaalamu wa mifumo katika kampuni ya bima mjini Hartford, Marekani, ninakotunza meinfremu, yaani kompyuta kubwa ya kampuni, inayoendeshwa na z/OS, mfumo endeshi wa IBM. Ndugu zangu wa Tanga huniuliza kama mitambo hiyo bado ipo, kwani ukoo wake ulitangazwa na IBM mwaka 1964. Ipo, na kazi zake zote za usiku zimekamilika salama.

Saa mbili na dakika tano. Seva ya NFS, yaani ya kushirikisha faili mtandaoni, inayowawezesha makarani kuzifikia faili za meinfremu kutoka kwenye kompyuta zao za mezani, imeanguka. Shajala ya mfumo inaonyesha kosa 878, yaani programu imeomba nafasi katika kumbukumbu ya kompyuta ikakosa. Msimamizi anataka seva iwashwe upesi, naye ana haki, kwa kuwa makarani wa madai wamekaa bila kazi. Hata hivyo nahakikisha kwanza kwamba dampu, ile nakala ya kumbukumbu inayopigwa seva inapoanguka, imehifadhiwa salama kwenye diski.

Saa mbili na dakika arobaini. Imeanguka tena, kwa kosa lile lile. Lawama ya kwanza inaangukia mtandao, ambao aghalabu hubebeshwa mizigo isiyo yake. Mwenzangu anapendekeza tuiongezee seva kumbukumbu, lakini iliyokwisha ni ile iliyo chini ya mpaka wa gigabaiti 2, ambao ndio upeo wa anwani za biti 31, na hapo hakuna cha maana kilichobaki cha kuongeza. Tunaiwasha kwa sharti moja: makarani waingie kwa mafungu. Mara hii haianguki, jambo linalonionyesha pa kuanzia.

Saa tatu hadi saa sita. Naifungua dampu kwa IPCS, programu ya kuchunguzia dampu. Amri ya VERBX VSMDATA inaonyesha kumbukumbu iliyojaa vipande vya ukubwa mmoja, na nikitazama safu ya herufi iliyo upande wa kulia wa skrini nasoma majina ya faili za madai yaliyoskaniwa, orodha ile ile ikijirudia kipande baada ya kipande. Karibu kila kipande ni jibu ambalo halijakamilika la karani aliyefungua saraka (folda) ile ile ya pamoja, na kazi nyingine zote ndani ya seva zimesimama zikingoja kufuli ya saraka hiyo, inayoruhusu kazi moja kwa wakati. Kompyuta ya karani isipojibiwa kwa wakati hurudia ombi, kwa hiyo foleni inajilisha yenyewe hadi kumbukumbu inakwisha.

Kwa nini orodha ichelewe kiasi hicho, ilhali faili za zamani hufutwa mara kwa mara? Saraka hii ya zFS, mfumo wa faili wa z/OS, ni ya toleo la 4, ambalo hupanga majina kwa mfululizo na halirudishi nafasi ya jina lililofutwa mpaka saraka yenyewe iondolewe. Amri ya ls -ld inathibitisha: ukubwa wa saraka haulingani hata kidogo na idadi ya faili zilizobaki humo. Toleo la 5, lililokuja na z/OS 2.1 mwaka 2013, hupanga majina kwa mti na hurudisha nafasi hiyo. Mfumo wetu ulikwisha kuboreshwa, ila saraka hii haikuwa imegeuzwa bado.

Saa nane mchana. Kwenye LPAR ya majaribio, yaani sehemu ya meinfremu iliyotengwa, naandika hati ndogo ya amri za kompyuta inayofungua nakala ya saraka hiyo kwa maombi mengi ya wakati mmoja, na seva ya majaribio inaanguka kwa kosa 878. Naigeuza saraka iwe ya toleo la 5 kwa amri ya zfsadm convert, narudia mzigo ule ule, na seva inasimama imara. Naupenda ushahidi wa namna hii kuliko grafu zote za mikutanoni.

Saa tatu usiku. Makarani wametoka. Nakagua kwanza nafasi ya diski, kwa sababu wakati wa ugeuzaji saraka ya zamani na mpya hukaa pamoja, na hakuna amri ya kurudi kwenye toleo la 4. Ugeuzaji unapokamilika naelekeza hati yangu kwenye saraka halisi na kutazama matumizi ya kumbukumbu, ambayo yanapanda kidogo na kutulia. Naandika taarifa nikiomba idara ya madai izigawe faili zake kwa saraka za kila mwaka, na kuwaarifu kwamba kesho hakuna haja ya kuingia kwa mafungu.