Wanafunzi wangu wa Prolog hapa Chake Chake

Nimeishi na Prolog, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, muda mrefu hata vioja vyake sivioni tena. Ndiyo maana nilipoanza kufundisha watu jioni, baada ya alasiri, kwenye chumba cha nyuma cha skuli moja hapa Chake Chake, niliweka daftari pembeni. Humo naandika anachosema mtu pale mashine inapomjibu asivyotarajia, kabla sijamweleza lolote. Nikishaeleza, kila mtu hujifanya ameelewa.

Lugha yenyewe ina umri. Alain Colmerauer na wenzake waliianzisha Marseille, Ufaransa, mwaka 1972. Ila watumiaji wake ni wachache, na anayetoka Python, lugha nyengine ya programu, huiona imekaa kichwa chini miguu juu. Mashine huipangii hatua za kufuata. Unaiandikia mambo yaliyo kweli na kanuni zake, kisha unauliza. Kwa hiyo naanza na ukoo: nani mzazi wa nani, halafu kanuni ya shangazi, mjomba na ami.

Binti mmoja, Zuhura, akaandika mzazi(Asha, Juma). Herufi kubwa, kama alivyofunzwa skuli. Kumbe kwa Prolog neno linaloanza na herufi kubwa ni "fulani", yaani yeyote yule. Ikamtolea onyo, akalipita. Akaijaribu: mzazi(paka, zuhura). Ikajibu true, yaani kweli.

"Hee! Paka ndiye mama yangu?"

Tangu hapo faili hilo bovu nalitoa makusudi, wacheke kwanza.

Nukta nayo. Kila kauli lazima iishe kwa nukta. Ukiisahau, mashine inakaa tu ikikungoja. Waliozoea kompyuta hudhani imeganda, wanafunga dirisha. Siku hizi naitaja karibu kabla ya salamu.

Kijana wa Python aliandika X = 5, X is X + 1. akitaka tano iongezwe moja, akapewa false, yaani si kweli. Akaja juu: "Hii inashindwa hesabu ya darasa la kwanza!" Pembeni yake alikaa maalim wa madrasa ambaye hajapata kuandika programu maishani. "Mbona imesema kweli, mwanangu. Tano haiwi sita." Nilikuwa na maelezo marefu ya jambo hilo, nimeyatupa, natumia ya Maalim.

Maalim huyo huyo akaniuliza kama inaweza mirathi. Nikamwambia London waliwahi kuiandika kwa Prolog sheria ya uraia wa Uingereza ya 1981, basi na tujaribu. Tukaanza na mke: marehemu akiwa na mtoto, mke ana thumuni, 1/8, akiwa hana, robo. Ikajibu sawasawa. Maalim hakuridhika. Akafuta mstari wa mtoto, akauliza tena. Robo.

"Kwa hiyo mtoto akisahauliwa kuandikwa, hii inamhesabu hayupo?"

Ndivyo. Prolog isichoweza kukithibitisha hukichukulia si kweli. Mimi nilishaizoea kama kanuni ya kitabuni. Yeye aliona yatima anadhulumiwa.

"Maalim, ndiyo desturi yake."

"Basi isiguse mali ya watu."

Tukaongeza sharti: orodha_imekamilika(marehemu). Bila kauli hiyo programu haigawi kitu, inauliza tu kama warithi wote wameandikwa, na wa kulijibu hilo ni mtu. Mabinti na ndugu bado hatujawafikia. Huko mafungu yanaweza kuzidi mali yenyewe, ikabidi kila fungu lipunguzwe, na Maalim ameshaniletea mifano yake kwenye karatasi.