Mshipi wa Nailoni Juu ya Kitambaa cha Aida

Katika kudarizi kwa mishono ya msalaba ya kuhesabu, karatasi ya mchoro kwa kawaida huwa na mstari mzito kila baada ya miraba 10, na ni vyema mistari hiyo ihamishiwe kwenye kitambaa cha Aida, kile kilichofumwa kwa miraba yenye matundu ya kupitisha sindano, kabla ya mshono wa kwanza. Kalamu ya wino unaotoka kwa maji inafaa, ingawa ukiipigia pasi alama yake kabla ya kuifua, huenda isitoke tena. Na kwa joto letu la Mwanza, jasho la kiganja huianza kazi ya kufuta mapema mno.

Mimi napendelea mshipi mwembamba wa nailoni, ule wa wavuvi, unaouzwa Kirumba kwenye maduka ya zana za uvuvi. Ninaupitisha kwa sindano butu, juu ya miraba mitano na chini ya mitano, nikianzia katikati ya kitambaa. Kwenye Aida ya miraba 14 kwa inchi, miraba 10 ni takriban sentimita 1.8, lakini rula isikudanganye: hesabu matundu. Kwa kuwa sindano hiyo haiuchomi mshipi kama inavyochoma uzi wa pamba, kazi ikiisha unauvuta ncha moja nao unateleza wote. Chagua wenye rangi, kwani ule usio na rangi hauonekani usiku.